Baba alikuwa mwanamaji, sasa pumzi zinamkatika: ni TB au ni vumbi la melini?

Shikamoo Mama,

Natumai u mzima. Mimi ni mzaliwa wa Likoni lakini nimeolewa huku Nairobi, tunakaa Donholm. Baba yangu ana miaka 72. Tulimchukua kutoka Pwani mwaka jana alipoanza kuugua, tukaona akae kwetu maana huku hospitali za rufaa ziko karibu.

Baba aliingia jeshi la wanamaji mwaka 1974 akiwa kijana wa miaka 20, akastaafu 1992. Kazi yake ilikuwa fundi wa injini, tangu mwanzo hadi mwisho. Kambi yao ilikuwa Mtongwe, ila kuna wakati alipelekwa Uingereza mafunzoni, akakaa miezi kadhaa ndani ya manowari kuukuu ya kule. Zamani alikuwa akitusimulia maisha ya chini huko: joto, kelele, mafuta hadi kwenye nyusi. Alisema bomba likiharibika walibandua kwanza ule mfuniko mweupe wa plasta uliolizunguka, wakiukata kwa msumeno, vumbi likijaa hadi mtu hamwoni mwenzake vizuri. Mabonge yaliyobaki walirushiana kwa mzaha. Ovaroli zake alizifua Mama. Alizikung'uta kwanza pale uani, ndipo akaziloweka, na sisi watoto tukicheza papo hapo.

Basi mwaka jana Baba akaanza kikohozi kikavu. Kupanda ngazi za ghorofa moja tu ikawa lazima apumzike katikati. Hospitali moja ya binafsi wakampiga eksrei, wakakuta maji upande wa kulia wa kifua. Waliyatoa, yakatoka na wekundu wa damu. Makohozi yalipimwa TB, hayakuonyesha kitu, lakini daktari akasema kwa hali ile aanzishiwe dawa za TB tu. Alizimeza miezi sita kamili, mimi mwenyewe nikimsimamia kila asubuhi. Sasa maji yamerudi, upande ule ule. Amekonda hadi mshipi wake umetobolewa matundu mapya. Na hospitali inataka aanze dawa upya.

Mdogo wangu alisoma kwenye intaneti habari za wanamaji wastaafu wa Marekani wanaougua kwa sababu ya asbesto, akasema, "Huyu ni Baba kabisa." Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Kaka amempata wakala mwenye ofisi katikati ya jiji, anayesema kuna hazina ya mabilioni huko Marekani na Uingereza kwa ajili ya wanamaji. Anataka shilingi 35,000 za kufungulia faili, na anasema dirisha linafungwa mwisho wa mwezi. Shangazi naye ametuma mitishamba ya kukausha maji. Baba mwenyewe, ukimwomba amweleze daktari kazi aliyofanya melini, jibu ni moja: "Mambo ya jeshi hayasemwi sokoni." Na bado anavuta sigara, mbili tatu kwa siku, akijificha nyuma ya tangi la maji.

Naomba uniambie ukweli. Je, vumbi la miaka hamsini iliyopita laweza kumrudia mtu leo? Tulipe hiyo pesa? Na Mama aliyefua zile nguo, nasi tuliokuwa pale uani? Halafu swali dogo la mwisho: nyumba tunayokaa ina paa la asbesto, na fundi amesema atakuja Jumamosi kulivunja atuwekee mabati. Nimwache aendelee?

Ni mimi,
Binti wa Baharia, Donholm

*

Marahaba, mwanangu.

Lenye haraka kwanza. Kabla Baba hajaanzishiwa dawa za TB mara ya pili, aonwe na daktari bingwa wa kifua, na daktari huyo aambiwe waziwazi kwamba mgonjwa wake alikuwa fundi wa injini melini kwa miaka 18. Ikiwa vidonge vimeshaanza, msimwachishe kwa uamuzi wenu. Huyo bingwa ndiye aamue. Na zile 35,000, mwambie Kaka azirudishe mfukoni. Nitazifikia.

Swali lako la kwanza, jibu ni ndiyo. Vumbi la 1976 laweza kumuumiza mtu leo, na kwa asbesto huo ndio mwendo wake wa kawaida. Asbesto ni madini ya mwambani ambayo yakipondwa huchanika kuwa nyuzinyuzi nyembamba mno zisizoonekana kwa macho. Hazinuki, haziwashi, wala hazimkoseshi mtu pumzi siku ile anapozivuta. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu, nyingine zinapenya hadi kwenye utando unaoyafunika, na mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Zinakaa humo zikichokoza, kovu likijengeka juu ya kovu, na kwa baadhi ya watu chembe za mwili zinageuka saratani. Kati ya vumbi na saratani hiyo kwa kawaida hupita miaka 20 hadi 50. Ndiyo maana mtu anastaafu akiwa mzima, analima, analea wajukuu, halafu kifua ndipo kinaanza.

Ushahidi mzito wa jambo hili ulitoka hapa hapa Afrika. Mwaka 1960, J.C. Wagner na wenzake huko Afrika Kusini waliandika kuhusu wagonjwa 33 wa saratani adimu ya utando wa mapafu iitwayo mesothelioma. Karibu wote walikuwa na uhusiano na machimbo ya asbesto ya buluu ya Northern Cape, na wengine hawakuwahi kushika sururu. Walikuwa wamekulia jirani na mgodi, basi. Leo Shirika la Afya Duniani linasema asbesto ya kila aina, nyeupe, kahawia na buluu, inaleta saratani, na linakadiria kuwa asbesto ya kazini peke yake inaua zaidi ya watu 200,000 kwa mwaka.

Sasa kwa nini melini? Moto ukizuka baharini hakuna pa kukimbilia, na asbesto haiungui, haipitishi joto, haiozi kwa chumvi, tena ilikuwa rahisi bei. Kwa hiyo kwa miongo mingi, hadi kwenye miaka ya 1970, viwanda vya meli vya Uingereza na Marekani viliiweka kila pembe: kwenye boila, mabomba ya mvuke, pampu, valvu, nyaya za umeme, kuta za vyumba vya kulala, hata glavu na mablanketi ya kuzimia moto. Na chumba cha injini kiko chini kabisa, hewa yake ni ya kusukumwa kwa feni. Vumbi lililoinuliwa asubuhi bado linazunguka jioni. Mpishi wa meli hiyo au mtu wa redio naye aliweza kulivuta akiwa amelala kitandani kwake, lakini mafundi wa injini na boila ndio waliobeba mzigo mkubwa.

Ile manowari kuukuu aliyokaa Baba huko Uingereza inaingia kwenye maelezo haya moja kwa moja. Simulizi yake ya kukata mfuniko mweupe kwa msumeno ndivyo mafundi wa enzi hizo wanavyosimulia, hadi kurushiana mabonge. Boti za doria za dizeli, ambazo ndizo jeshi letu la wanamaji lilianza nazo baada ya kuundwa 1964, hazina mitambo mikubwa ya mvuke, kwa hiyo wingi wa asbesto haulingani. Lakini dizeli nayo ina eksozi, na eksozi za zama hizo zilizoea kuvishwa vitambaa vya asbesto, na gasketi zikikatwa kwenye karatasi ngumu ya asbesto. Fundi anayekwangua gasketi iliyoganda kwa brashi ya waya anainamisha uso hapo hapo vumbi linapoinuka.

Lakini kuivuta si sawa na kuugua. Wengi waliofanya kazi kama ya Baba hawatapata saratani. Wengine hupata vidoa vigumu kwenye utando wa mapafu ambavyo haviwaumizi, ila ni ushahidi kwamba asbesto ilipita. Wengine mapafu yao hujaa makovu, yakawa magumu, na hiyo ndiyo asbestosisi: pumzi inapungua polepole mwaka baada ya mwaka, na ncha za vidole huweza kuvimba. Asbesto pia inaweza kuleta maji kifuani yasiyo na saratani yoyote. Halafu kuna saratani ya pafu lenyewe, na kuna mesothelioma. Sisemi Baba ana mojawapo. Ninachosema ni kwamba maji yanayorudi upande ule ule, yenye damu, kwa mzee anayekonda na aliyemaliza dozi ya TB bila kukosa siku, ni maji yanayotakiwa kuulizwa swali jingine.

Simlaumu daktari wa kwanza. Katika nchi yetu mtu akija na maji kifuani, TB ndiyo ya kwanza kushukiwa, na ni sawa. TB ya utando wa mapafu mara nyingi haionekani kwenye makohozi, hata mashine ya GeneXpert inaweza kuikosa, kwa hiyo daktari anaanzisha dawa kwa kuangalia dalili. Kinachonikera mimi, niliyefanya kazi wodi za kifua hadi nikastaafu uuguzi, ni ile fomu ya mgonjwa. Sehemu ya kazi huandikwa neno moja, "mstaafu", na kalamu inahamia kwenye mstari unaofuata. Mstaafu wa nini? Mwalimu wa shule ya msingi na fundi wa boila hawana kifua kimoja. Hakuna anayeuliza, na mgonjwa haoni sababu ya kusema.

Kwa hiyo kazi yako wewe, kabla ya kliniki, ni karatasi moja. Keti na Baba baada ya chai, usiite mahojiano, mwache asimulie kama zamani, nawe uandike. Iwe fupi hivi:

"1974 hadi 1992, fundi wa injini, jeshi la wanamaji. Miezi kadhaa ndani ya manowari ya Uingereza, mwaka fulani. Alikata na kubandua mifuniko ya mabomba kwa msumeno, bila barakoa. Alikwangua gasketi. Alilala chumba chenye mabomba yaliyovishwa. Alianza sigara mwaka fulani, sigara ngapi kwa siku. Hakuwahi kufanya kazi ya mgodi wala ya kiwanda cha saruji. Dawa za TB miezi sita, alianza mwezi fulani, alimaliza mwezi fulani."

Ukurasa huo mpe daktari mkononi pamoja na picha zote za eksrei, zile za zamani hasa, usiende na ripoti peke yake. Mwambie, "Daktari, tunaomba ufikirie asbesto." Hiyo si kumfundisha kazi. Daktari mwenye busara atakushukuru.

Kuhusu "mambo ya jeshi hayasemwi": heshimu hilo, ni kiapo alichokula. Ila kusema "nilifunga gasketi" si kutoa siri ya nchi. Haulizwi meli ilikuwa wapi wala ilibeba silaha gani. Na ningekuwa wewe nisingelisema mwenyewe, maana binti kumwambia baba yake mwanajeshi nini ni siri na nini si siri, hapo mtagombana bure. Mtafute mstaafu mwenzake. Chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA, kina watu Nairobi. Mzee mmoja aliyewahi kushuka chumba cha injini akija kunywa kahawa na Baba, ataeleweka kwa nusu saa kuliko ninyi watoto mtakavyoeleweka kwa mwezi. Na huenda huyo mzee naye anakohoa.

Vipimo sasa, na hapa usiwe na haraka. Eksrei ya kawaida haitoshi. Baba anahitaji CT skani ya kifua, ile ya kuchomwa dawa mshipani ili utando uonekane vizuri kama figo zake zinaruhusu. Kipimo cha kupuliza kwenye mashine kitaonyesha mapafu yamepungua nguvu kiasi gani. Maji yakitolewa tena, mengi yapelekwe maabara ya kutafuta chembe za saratani, sehemu ipimwe TB upya. Lakini shika hili: maji yakisemekana "hayana saratani", bado si mwisho wa maneno. Mesothelioma inajificha sana kwenye maji. Kinachotoa jibu ni kukata kipande kidogo cha utando wenyewe, kwa sindano inayoongozwa na mashine au kwa kuingiza kamera ndogo kifuani akiwa amelazwa, kisha mwanapatholojia akichunguze. Kipande hicho hicho kinaweza kuonyesha kuwa ni TB kweli, tukamshukuru Mungu, kwa sababu TB inatibika. Hospitali ya Kenyatta kuna kitengo cha kifua na upasuaji wake, na hospitali nyingine kubwa za jiji zinafanya. Ulizeni kabla ya kwenda ni kipi kinalipiwa na SHA, bima ya afya ya serikali, na ni kipi mtatoa mfukoni. Na kama Baba alijiandikisha DEFMIS, bima ya matibabu ya wanajeshi wastaafu, anzeni na hiyo.

Likija jibu baya, mnajua mnapigana na nini. Asbestosisi haina dawa ya kufuta makovu, lakini kuna mazoezi ya kupumua, oksijeni kwa anayeihitaji, chanjo ya mafua na ya nimonia. Mesothelioma ni ngumu, sitakuficha. Wagonjwa wengi hupewa dawa za kemikali, siku hizi pia dawa za kuamsha kinga ya mwili, na maji kifuani yana njia za kuzuiwa yasirudi ili mtu apumue alale. Tiba ya kupunguza maumivu ianze mapema, msingoje hali iwe mbaya kabisa. Nairobi inazo huduma hizo, na wauguzi wake ni watu wa maana.

Sigara. Asbesto na sigara vikikutana kwenye pafu moja, hatari ya saratani ya pafu inaruka mbali kuliko ya kila kimoja peke yake. Kwa mesothelioma sigara haiongezi kitu, na Baba akilijua hilo atalitumia kujitetea, kwa hiyo usimpe silaha. Mwambie tu kwamba pumzi iliyobaki ni ndogo, na kwamba kuacha akiwa na miaka 72 bado kuna faida. Na mwache avute mbele yenu kuliko nyuma ya tangi, angalau mjue ni ngapi.

Mitishamba ya Shangazi ipokee kwa adabu, uiweke kabatini. Dawa za TB ni nzito kwa ini, na majani yasiyojulikana yakiongezwa juu yake ini linaweza kushindwa. Steve McQueen, yule mcheza sinema wa Marekani, alikuwa mwanajeshi wa Marine kabla ya umaarufu, na aliwahi kusimulia alivyoamriwa kubandua mifuniko ya mabomba melini ikiwa ni adhabu. Alipopata mesothelioma alikimbilia Mexico kwa tiba ambazo madaktari wa kwao walizikataa. Alifariki Novemba 1980, akiwa na miaka 50. Fedha hazikumpungukia, ushauri ndio alioupata kwa watu wasiofaa.

Tuje kwenye pesa. Wakala wenu anachanganya ukweli na uongo kwa ustadi, na ndiyo maana Kaka amenasa. Ni kweli kwamba kampuni za Marekani zilizouza asbesto zilishtakiwa hadi zikaanguka. Johns-Manville iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 1982, na mifuko ya fidia iliundwa kutokana na kesi kama hizo. Ni kweli pia kwamba idara ya wastaafu wa jeshi la Marekani inawalipa wanamaji wake walioumizwa na asbesto kazini. Na Uingereza, tangu Aprili 2016, mstaafu wa majeshi yake aliyepatikana na mesothelioma iliyotokana na utumishi anaweza kuchagua malipo ya mkupuo ya pauni 140,000. Soma hapo tena: mstaafu wa majeshi yake. Malipo haya ya wanajeshi ni ya waliotumikia nchi hizo. Baba alivaa sare ya Kenya. Kukaa miezi kadhaa mafunzoni ndani ya manowari yao hakumfanyi mwanajeshi wa Uingereza, na hakuna faili la 35,000 litakalobadilisha hilo. Tena Baba bado hana jibu la ugonjwa! Dai la asbesto bila ripoti ya daktari inayoutaja ugonjwa halina pa kuanzia. Anayekuharakisha ulipe kabla hujajua unaumwa nini, anakuharakisha kwa sababu yake.

Mpimeni kwa kitu kimoja rahisi. Mwombeni jina lake kamili la uwakili mlitafute kwenye orodha ya mawakili ya Chama cha Wanasheria wa Kenya. Akianza kusema yeye ni "mshauri" tu, mmeshamaliza naye. Kituo cha Sheria hapa Nairobi husaidia watu wasio na uwezo bila kuwatoza.

Haki ya Baba, kama ipo, inaanzia hapa nyumbani. Utumishi wake una rekodi, na ulemavu uliotokana na utumishi si jambo geni kwenye ofisi ya pensheni ya Wizara ya Ulinzi. Tangu 2022 tuna pia Sheria ya Wanajeshi Wastaafu. Tafuteni sasa hivi cheti chake cha kuachishwa jeshi, namba yake ya utumishi na kumbukumbu zozote za matibabu ya kambini, mkusanye kwenye bahasha moja. Jibu la kipande cha utando likitoka, nendeni na bahasha hiyo kwa wakili wa kweli bila kulala. Madai ya madhara dhidi ya serikali yana kikomo cha miezi 12, na ingawa mahakama huweza kuongeza muda kwa mtu ambaye hakuwa na namna ya kujua mapema, hilo huombwa kwa sababu na kwa tarehe. Tarehe mliyoambiwa ugonjwa ni nini itakuwa muhimu, iandikeni.

Mama yako. Nimelisoma lile la kukung'uta ovaroli mara mbili. Wake wa mafundi wa meli waliougua kwa vumbi la nguo wameandikwa vitabuni, na watoto pia, kwa hiyo siwezi kukuambia upuuze. Lakini kiasi alichovuta mfuaji kwa kawaida ni kidogo kuliko cha fundi mwenyewe, na wengi wao hawakuugua kamwe. Kama hana kikohozi wala pumzi fupi, hana haja ya kupigwa CT kila mwaka. Inatosha daktari wake aandike kwenye faili kwamba alifua nguo zenye asbesto, ili siku akilalamika kifua, au tumbo likijaa maji, maana mesothelioma hushika na utando wa tumbo, isipotee miezi sita mingine. Nanyi watoto vivyo hivyo. Na wewe usivute sigara, kama unavuta kimya kimya.

Kuhusu fundi wa Jumamosi: mpigie simu leo umzuie. Paa la asbesto lililo zima, lisilotobolewa wala kusuguliwa, hatari yake ni ndogo. Hatari ni kulivunja kwa nyundo watoto wakiwa nyumbani. Tangu 2006 kanuni za taka za Kenya zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, na kuiondoa na kuisafirisha kunahitaji watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ambao huilowesha kwa maji, huifungua bamba zima zima, huifunga kwenye plastiki nzito na kuizika mahali palipoidhinishwa. Kama nyumba ni ya kupanga, gharama hiyo ni ya mwenye nyumba, mwandikie barua ubaki na nakala. Mpaka hapo msipande juu, msilisugue ukungu kwa brashi, na vipande vilivyodondoka uani vimwagie maji kwanza, uviokote ukiwa na glavu na barakoa, uvifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki. Usivifagie vikiwa vikavu.